Walioyasindikiza Maji hadi Ilonde

Mgeni yeyote aliyetoka Mpanda kwenda mbugani, akasimama Ilonde kunyoosha miguu, ilikuwa vigumu aondoke bila kumsikia Dorika. Alikuwa mama wa Kipimbwe wa umri wa kuozesha watoto, mcheshi, asiyejua kunong'ona, na banda lake la nyasi lilikuwa ukingoni kabisa mwa mto Lukanda, karibu na daraja. Pale mgeni alipata benchi, chai ya tangawizi na chapati, na chini ya ukingo, mbele ya macho yake, bwawa la viboko. Ujanani Dorika aliwahi kufanya usafi katika kambi moja ya watalii. Huko alikuwa akiwasikia waongozaji wakieleza habari za simba na nyati kutwa nzima, akawa anajiuliza mbona habari za watu wa huku hazina wa kuzieleza. Aliporudi kwao akaamua atazieleza yeye.

Basi akawa anawatembeza wageni. Aliwaonyesha mwamba wenye mikwaruzo mirefu, ambapo wahunzi wa zamani walikuwa wakinolea majembe. Aliwaonyesha mahali ambapo wapagazi wa kwenda Karema walikuwa wakipiga kambi kusubiri mto upungue. Mwisho aliwakalisha mbele ya bwawa na kuwapa habari aliyoipenda kuliko zote, ya kusindikiza maji.

Zamani, alisema, kiangazi kilipokaza na Lukanda kuanza kufifia, watu wa Ilonde walikuwa wakipanda na majembe yao hadi Isanga, juu mtoni, kuwasaidia wenzao kuzibua mifereji ya mashamba. Mfereji ukiwa safi, maji kidogo yanafanya kazi kubwa. Kwa hiyo watu wa Isanga nao walikuwa wakifungua vizuizi vyao vyote kwa muda, maji yanateremka, na wao wanateremka nayo, wakitembea ukingoni sambamba na kichwa cha maji, kwa nyimbo, mpaka Ilonde. Huko walikuwa wakipikiwa na kulazwa, na kesho yake wakirudi kwao. Wageni waliipenda sana habari hiyo. Walipiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka.

Kisha ukaja mwaka ambao mto ulikatika kabisa.

Mvua haikuwa mbaya kiasi hicho, ila Isanga ilikuwa imejaa watu. Familia nyingi zilikuwa zimehamia huko na ng'ombe wao kutoka Maswa na Meatu, zikaanza kulima vitunguu na nyanya za kiangazi, na kila aliyefika alipanga viroba vya mchanga mtoni ili maji yapande shambani kwake. Ilipofika Septemba, chini ya Isanga hapakuwa na mto tena, ilibaki njia ya mchanga. Bwawa la Ilonde likageuka tope zito linalonuka. Viboko waliotoka katika mabwawa mengine yaliyokauka walijisonga humo, migongo imegusana, wanaumana kwa kugombea sehemu yenye unyevu. Ndama mmoja alikanyagwa akafa, na mzoga wake ukakaa pale pale. Wageni waliposhuka garini waliziba pua, wakatazama kidogo, wakapanda tena.

Katika siku hizo alifika mwalimu mmoja kutoka Mishamo, jina lake Séverine, mtoto wa watu waliotoka Burundi miaka mingi iliyopita. Alikuwa amewaleta wanafunzi wake kuona viboko. Dorika aliwaonea huruma kwa hali waliyoikuta, akajitahidi kusimulia kwa nguvu zake zote, mikono inapaa, nyimbo anaziimba mwenyewe. Watoto walifurahi. Séverine alingoja watulie, kisha akauliza kwa upole mambo hayo yalikoma kwa sababu gani.

Dorika akamweleza alivyoelezwa yeye. Wakati wa ugonjwa wa malale watu walihamishwa na vijiji vikavunjika. Waliporudi, kila mmoja alianza upya kivyake, na waliokuja Isanga baadaye hawakuwa na habari.

"Kwa hiyo hakuna aliyekataza," Séverine akasema.

Dorika aliwaaga wageni, akakaa kwenye benchi lake akilitazama lile tope. Miaka yote alikuwa akiisimulia habari ile kama habari ya wafu. Watu wa juu walikuwepo. Watu wa chini walikuwepo. Majembe yalikuwepo. Alijiona kama mtu aliyekuwa akiwasifia majirani chakula huku chakula chenyewe kimefunikwa ndani kwake, hakuna anayekila.

Wiki hiyo uliitishwa mkutano wa hadhara. Mtendaji wa kijiji alieleza kwamba taarifa ilishapelekwa ofisi inayohusika na majibu yanasubiriwa. Watu wakaguna. Ndipo akasimama Yotham, kijana aliyekuwa akivua kambale bwawani mpaka kambale walipokwisha, na ambaye vijana wenzake walikuwa wakimsikiliza. Akasema yeye hasubiri majibu. Lori lipo, majembe yapo, wanaume wapo. Waende Isanga wakavunje kila kizuizi watakachokikuta, na atakayejitokeza kuzuia atajua mwenyewe. Makofi yalipigwa mengi, na Dorika alipoyasikia aliogopa, kwa maana aliwajua vijana wale na alijua Wasukuma wa Isanga nao hawalali bila fimbo.

Akasimama. Akasema majembe yaende, vijana waende, lakini waende kuzibua mifereji ya Isanga, kisha waombe maji kama walivyokuwa wakiomba babu zao.

Watu walicheka. Yotham hakucheka.

"Mama Dorika, hiyo ni hadithi ya wageni," alisema. "Hawa jamaa wametukatia mto, halafu sisi tukawafanyie kibarua?"

"Niacheni nitangulie nikaongee nao. Nikirudi mikono mitupu, nendeni. Mimi sitafungua mdomo."

Wakamkubalia, wengi wao kwa kumheshimu tu, na wengine ili wapate kumaliza kikao waende zao.

Aliyempeleka ni Yunus, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akichukua migebuka na dagaa Karema na kuwazungusha kwa pikipiki mpaka vijiji vya juu. Isanga aliijua nyumba kwa nyumba. Walifuata njia iliyo kando ya mto, na kwa mwendo mrefu Dorika hakuona maji. Aliona mchanga, kwato za ng'ombe, na wanawake waliochimba visima vya mkono katikati ya mto wakichota kwa bakuli. Kisha wakapanda kilima kidogo, na upande wa pili kulikuwa na kijani kitupu. Vitunguu vimesimama, nyanya zimewekewa vijiti, na nyuma ya ukuta wa viroba, maji. Yalikuwa mengi, meupe, yametulia, bata wanaogelea.

Dorika aliteremka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. Hasira zilimjaa. Aliwaza kwamba Yotham alikuwa na haki, na kwamba kama angekuwa na jembe mkononi wakati ule angeanza yeye. Yunus alimwona. Alimpa maji ya chupa anywe, akamngoja.

Mwenyekiti wa kamati ya mfereji alikuwa Manyanda, mwanamume mrefu, mkavu wa maneno, aliyehamia na ng'ombe na watoto wachanga ambao sasa walikuwa vijana. Walimkuta nyumbani kwake na mke wake Ngolo akichambua mbegu. Dorika aliwasalimu kwa Kisukuma kidogo alichonacho, mwadila, na Ngolo akatabasamu kwa jinsi alivyolitamka. Manyanda hakutabasamu. Alimpa kigoda akae.

"Kila mwaka anakuja mtu," alisema. "Mmoja ana karatasi, mwingine ana panga. Wewe mayu, mama yetu, umekuja na nini?"

Dorika alimweleza. Hakusimulia kama alivyozoea mbele ya wageni. Hakuimba, hakurusha mikono. Alieleza taratibu, kama mtu anayeeleza mipaka ya shamba, nani alikuwa akifanya nini na nani alikuwa akipata nini. Akamweleza pia hali ya bwawa, na hasira za vijana, hakumficha. Manyanda alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akamwambia amfuate.

Wakaenda kuuona mfereji mkuu. Dorika hakuamini. Kwa mbali ulionekana mzuri, lakini ndani ulikuwa umejaa tope na matete hadi nusu. Maji yalikuwa yakitoka mtoni, yakigonga yale matete, yakimwagika pembeni kwenye kinamasi ambacho hakuna aliyekilima. Wenye mashamba ya mwisho walikuwa hawapati hata tone, na kila jioni walikuwa wakija kugombana na mwenyekiti. Manyanda alisema ameitisha kazi ya pamoja mara nyingi mpaka amechoka. Kila mtu anakazana na kitunguu chake. Basi dawa yao imekuwa kuongeza viroba, kupandisha maji zaidi, na yanayopandishwa yanapotea vilevile.

"Watu wako watakuja kunichimbia tope hili?"

"Watakuja."

"Hata wale wanaonitukana?"

"Hao ndio nitakaowatanguliza."

Manyanda akakitazama kinamasi. Ngolo, aliyekuwa amewafuata nyuma, ndiye aliyesema. Kwao Maswa, alisema, mtu akialika wenzake kulima, wanaoalikwa hawaji kama wanaokwenda msibani. Wanakuja na ngoma. Akataka kujua kama hao wa Ilonde wana ngoma au yeye atoe ya kwake. Manyanda akacheka bila kupenda. Akamwambia Dorika awalete Jumamosi. Wakija, vizuizi vitafunguliwa. Wasipokuja, asirudi tena na hadithi zake.

Kurudi Ilonde kulikuwa rahisi kuliko kuwaeleza watu. Dorika alipita nyumba kwa nyumba, kanisani, msikitini, kijiwe cha bodaboda. Wengine walimwitikia, wengine waliguna. Yotham alimsikiliza amekunja mikono, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Jumamosi alfajiri Dorika alisimama darajani karibu na lori lililoazimwa, na waliokuwa wamepanda ni akina mama watupu na wazee wachache. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Alipokuwa anataka kupanda mwenyewe, aliwaona vijana wakija kwa kundi kutoka upande wa stendi, majembe mabegani, Yotham mbele, uso umekunjwa.

"Nakwenda kuviona hivyo vizuizi kwa macho," Yotham alimwambia. "Nijue pa kuanzia mambo yakiharibika."

"Panda," Dorika akamjibu.

Ngolo alikuwa ametimiza neno lake. Walipofika, ngoma ilikuwa inalia, na watu wa Isanga walikuwa wamejipanga upande mmoja wa mfereji, wameshika majembe nao, kwa maana waliona aibu kukaa wakitazama wageni wakiwafanyia kazi. Kwa muda pande mbili zilitazamana. Dorika akavua ndala, akaingia kwenye tope la magoti, akainua jembe la kwanza la tope na kulitupa ukingoni. Akina mama wakamfuata. Kisha wakaingia wote.

Ikawa kazi ya kutwa. Tope lilifika kiunoni, matete yaling'olewa kwa mizizi, na ngoma haikupumzika. Wasukuma walikuwa na namna yao ya kulima kwa mpigo mmoja, wakiinua majembe pamoja na kuyashusha pamoja, na vijana wa Ilonde, waliokuwa wakilima ovyo ovyo, wakaona wanaachwa. Yotham hakuvumilia kuachwa. Akawapanga watu wake, akashika mpigo. Mara wakawa wanashindana, upande huu na ule, wakitaniana kwa Kipimbwe na Kisukuma, kila upande ukiyadhania maneno ya wenzao ni matusi na kuyacheka vilevile. Mchana Yunus aligawa samaki kwa ugali, na Dorika akamwona Yotham amekaa na kijana wa Manyanda, wanakula sahani moja, matope mpaka kwenye nyusi.

Alasiri mfereji ulikuwa safi. Maji yalipoachiwa, yalikimbia. Hayakusita popote. Yalipita kinamasi bila kukigusa, yakaenda mpaka mashamba ya mwisho, na huko zikasikika sauti za watu wakiitana. Manyanda alisimama ukingoni akisikiliza zile sauti, na mtu aliyemjua angesema kwamba mwenyekiti alikuwa anajizuia asilie.

Usiku walilala Isanga. Kulipopambazuka walikusanyika wote kwenye kizuizi kikubwa, na hapo kukatokea kikwazo. Mkulima mmoja aitwaye Luhende alisimama juu ya viroba akasema hatoki. Vitunguu vyake vilikuwa vinaanza kutia vichwa, vikikosa maji sasa mwaka wake umekwisha. Vijana wa Ilonde wakaanza kusogea. Dorika akamtazama Yotham kwa hofu, lakini Yotham alinyoosha mkono kuwazuia wenzake.

Manyanda akamwambia Luhende kwa sauti ya kawaida, "Shamba lako limekunywa toka jana alasiri. Nenda kaliangalie kwanza."

Luhende akaenda. Watu wakangoja, hakuna aliyeondoka. Aliporudi suruali yake ilikuwa imeloa hadi magotini. Alipanda juu ya kizuizi, akashika kiroba cha juu kabisa, akakivuta kwa mikono miwili na kukitupa nchi kavu.

Hapo viroba vikaanza kuondoka kama yanavyoondoka magunia sokoni, mkono kwa mkono. Maji yakapenya, yakapanua njia, yakashuka. Kichwa cha maji kilikuwa na povu na vijiti na majani makavu, kinatambaa juu ya mchanga kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na watu wakaanza kutembea nacho, Wapimbwe na Wasukuma, akina mama wenye watoto mgongoni, ngoma ya Ngolo mbele. Wanawake waliokuwa wakichota kwenye visima vya mkono walisikia ngoma kabla ya kuona maji. Waliinuka, wakaokoa ndoo zao, wakasimama kando, maji yakajaza visima vyao na kupita. Wengi wao wakaunga msafara.

Saa za jua kali walifika sehemu pana yenye mchanga wa kina kirefu, na hapo maji yakapungua mwendo. Yakazidi kupungua. Mwisho yakasimama. Kichwa cha maji kikabaki pale pale, povu linapasuka moja moja, na mchanga unakunywa yote yanayofika. Ngoma ikanyamaza. Yotham akapiga goti, akagusa mchanga kwa kiganja, akainua macho kumtazama Dorika. Katika habari zote alizorithi Dorika hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu mahali hapa. Aliwaza watu walioacha mashamba yao, tope la jana, maji yaliyotolewa kwa moyo mweupe na sasa yanazama bure mbele ya macho ya walioyatoa. Alitamani ardhi immeze pamoja nayo.

Ngolo akaketi chini, akaweka ngoma kati ya magoti, akaanza kuipiga taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Akaitikiwa na mmoja, akaitikiwa na mwingine. Waliimba hivyo kwa muda mrefu, hakuna aliyeondoka. Mchanga uliokuwa mweupe ukawa kijivu, kisha mweusi, kisha ukaanza kung'aa. Ulikuwa umeshiba. Povu likajikusanya upya, jani moja kavu likanyanyuka, likazunguka, likasogea mbele. Maji yakaondoka nalo.

Kuanzia hapo hawakutembea tena, walikuwa kama wanacheza. Ilonde nzima ilikuwa darajani. Waliotoka kanisani walikuwepo na nguo zao za ibada, waumini wa msikitini walikuwepo, na magari ya wageni yaliyokuwa yakielekea mbugani yalikuwa yamesimama bila kuelewa kuna nini. Kwanza waliona vumbi, kisha watu, na chini ya watu mstari unaomeremeta ukipinda kona ya mwisho. Vigelegele vilianzia upande mmoja wa daraja vikaenda hadi wa pili. Maji yakaingia bwawani.

Viboko hawakutikisika mwanzoni. Kisha mmoja, dume kubwa lenye makovu, akainua kichwa kutoka kwenye tope. Akapiga muungurumo, na wengine wakaitikia, kifua kwa kifua, mpaka daraja likatetema. Wakaanza kuachana. Kila mmoja alijitafutia nafasi, wakizama, wakiibuka wakipuliza maji, ndama wakipanda juu ya migongo ya mama zao. Mgeni mmoja alikuwa ameshusha kamera yake, anatazama kwa macho tu.

Manyanda alikuwa amefika ukingoni, mbele ya banda la Dorika. Alikuwa ameishi kwenye mto ule miaka yote hiyo bila kuwahi kushuka kuona unakokwenda. Alivua kofia.

"Mayu," alisema, "hawa wote walikuwa wananisubiri mimi?"

"Walikuwa wanakusubiri wewe."

Akatikisa kichwa, akabaki amesimama. Yotham akaja na benchi, akamwekea nyuma yake akae.

Jioni ile Ilonde ilipika kila kilichokuwa ndani. Watu wa Isanga waligawanywa nyumba kwa nyumba, na palitokea ugomvi mmoja tu, wa akina mama wawili waliokuwa wakimgombea Ngolo. Mwenyewe akalala kwa wote wawili, nusu ya usiku huku na nusu kule. Kabla ya kuagana, kamati ya mfereji na wazee wa Ilonde walikaa pamoja wakapatana juu ya viroba vingapi vitabaki na lini vitaondolewa.

Mwaka uliofuata Dorika hakuwa amepanga bado kwenda Isanga. Alikuwa anawatembeza wageni waliotoka Mbeya, ambao walikuwa wamesikia habari hizo redioni na kuja mahususi, wakiuliza ni siku gani maji yatasindikizwa ili wakodi vyumba mapema. Pikipiki ikafunga breki bandani. Ilikuwa imembeba Luhende, kavaa shati safi, na alikuwa ametumwa na watu wa Isanga. Wameshakaa wakapanga siku, alisema. Ngoma zimewambwa ngozi mpya. Wanachotaka kujua ni kama watu wa Ilonde watakuja na majembe yao wenyewe, au wawawekee.

"Tutakuja nayo," Dorika alisema, na kuwageukia wageni kuwaambia nani aliyesimama mbele yao.